Nalea Konyeza

Jumba la Samaki, chumba cha nyuma
9 Februari

Kwa Shangazi na wote wa nyumbani,

Shikamoo Shangazi. Baba naye mpe shikamoo yake, na umwambie kikohozi chake kisipoisha nitamtumia dawa chungu kuliko ile ya mwaka jana. Mimi mzima. Chumba ninachopanga kilikuwa kinavuja, mwenye nyumba akaja na ndoo ya rangi, akapaka mlango, akaniambia amekarabati. Sasa ninalowa nyuma ya mlango mzuri.

Naandika mbiombio, karani wa posta ananiangalia huku anafunga dirisha. Habari kubwa ni moja tu. Siku hizi nalea konyeza. Sikutaka kusema mapema kwa sababu hata mimi sikuwa na uhakika kama watashika. Sasa wameshika. Bado wadogo mno, na mkuu wa kituo ananung'unika kwamba hakuwa amepanga jambo kama hili mwaka huu, lakini ndiyo hivyo, wapo, na siwaachi.

Harufu ya chakula asubuhi inanipindua tumbo, ila nitazoea. Likizo ya katikati ya mwaka sitaweza kuja, kwa sababu mnazoelewa. Msinikasirikie.

Binti yenu


Nyumbani
2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Fundi viatu wa jirani kanunua mashine mpya, mtaa mzima unaitikia kelele zake kama redio. Wodini tumepata vitanda viwili vya kujifungulia, kimoja hakina miguu, tumeambiwa miguu inafuata. Baba yako hajambo. Anatoka asubuhi na vigingi vyake kupima mashamba ya watu, anarudi, anakula bila maneno.

Tuje kwenye lako. Barua yako ilifika tukiwa mezani, na unajua nyumba hii, barua husomwa kwa sauti na baba yako kwa kuwa ndiye mwenye miwani. Akasoma mpaka "siku hizi nalea", ukurasa ukaisha. Akageuza, akasoma "konyeza". Akaivua miwani. Nikaichukua barua nikaimalizia jikoni peke yangu.

Nimekuelewa. Tangu ukiwa mdogo, nikikukonyeza mbele ya baba yako maana yake ni funga mdomo. Kwa hiyo najua unalea mimba, na neno lile la pili lilikuwa langu, ninyamaze, bahati mbaya limepitia mdomo usio wake.

Sikuulizi ni nani. Mimi mkunga. Nimepokea watoto wa watu wenye cheti cha ndoa ukutani, na wa watu wasiokumbuka jina la pili la mwenzao, na wote hutoka wamekasirika vilevile. Nakuuliza ya kazi tu. Umeandika "wameshika", kwa wingi. Basi umepimwa, na ni zaidi ya mmoja. Nani kakupima? Vidonge vya kuongeza damu unameza au unaviweka dirishani kama wenzako? Ndoo za maji usinyanyue hata moja. Na huyo mkuu wa kituo anayelalamika kwamba hakuwa amepanga, kama ndiye yeye, mwambie shangazi yako anasema kupanga kulikuwa kabla.

Baba yako usimwandikie kwanza. Niachie mimi.

Shangazi yako


Jumba la Samaki
21 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mpe pole kitanda kisicho na miguu. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mlinzi akaja kutazama kama nimeteleza.

Konyeza ni mnyama, Shangazi. Ni yule wa baharini aliye laini kama uji wa wanga uliopoa, hana ubongo, moyo wala mfupa, ukimgusa unawashwa. Wengine humwita yavuyavu. Huku kazini tunasema konyeza, nami nikasahau kwamba nyinyi mliozaliwa mbali na maji chumvi mnajua konyeza ya jicho tu. Mkuu wa kituo ni bibi mwenye wajukuu. Ujumbe wako sijaufikisha.

Kwa kuwa umeuliza ya kazi, nakujibu ya kazi. Ule mwavuli unaoelea, wanaouona wageni kwenye vioo, ndio utu uzima wake. Mwanzo ni yai. Yai linatoa kidudu chenye vinyweleo, hakina hata mdomo, kinaogelea kutafuta mahali pagumu: jiwe, chupa, nguzo ya gati. Kikipata kinajibandika. Hapo ndipo tunasema kimeshika. Kinaota mdomo juu na mikono kuuzunguka, kinakuwa kishina kidogo chini ya punje ya mchele. Na kishina hakiendi popote tena. Kinakula kinachopita, kinachipua vishina wenzake ubavuni, kinaweza kukaa hivyo miaka, na asiyejua akikitazama anasema ni ukungu. Wangu wamejaa kwenye vigae vya plastiki ndani ya tangi dogo. Nawalisha kamba wachanga ninaowatotoa kwenye chupa, na chupa hizo ndizo zinazonuka asubuhi. Likizo siji kwa sababu hakuna mwingine wa kuwalisha. Nilidhani mmeelewa.

Sasa lisilochekesha. Kabla ya barua yako ilifika ya Baba. Haina salamu. Ameandika, "Usije nyumbani mpaka nitakapokuita." Basi. Niliizungusha siku nyingi nikitafuta kosa langu, mpaka ulipofika wewe na vidonge vyako.

Utasema nimwandikie mstari mmoja, hakuna mimba, mambo yaishe. Najua yataisha. Lakini nitakuwa binti aliyepokelewa kwa sababu tumbo lake ni tupu. Je, ingekuwa kweli? Leo ningekuwa wapi, Shangazi, na nani angenifungulia? Mimi mlango huo siuingii kwa tiketi hiyo. Aniite kwanza, akiamini anachoamini. Sitamwandikia, na wewe naomba usimwambie.

Binti yako


Wodi ya Wazazi, chumba cha wakunga
18 Aprili

Mwanangu mbishi,

Marahaba. Huku mvua, matope, na watoto wanazaliwa kama wamesikia kuna mgawo wa kitu. Kile kitanda kimepata miguu mitatu.

Nimeisoma habari ya hao wanyama wako kwa wenzangu wakati wa chai. Hawana ubongo, hawana moyo, hawana mfupa hata mmoja, na bado wanakula na kuongezeka. Msimamizi wetu alikuwepo akisikiliza, nikaona aibu kumtazama. Muuguzi mmoja anauliza, kama kishina kinachipua chenyewe ubavuni bila mume, uchungu kinausikia? Nijibu, tumewekeana dau la chai.

Kuhusu baba yako. Ulivyoniomba nimetekeleza, sijamwambia. Lakini nakwambia wewe waziwazi kwamba unakosea. Yule ni kaka yangu, namjua. Ni mgumu, si mbaya. Mama yako alipofariki watu walimletea wachumba mpaka wakachoka, akasema hataki mtu wa kuja kumfinya mtoto wake. Mtu kama huyo hatupwi kwa ajili ya neno lililosomwa vibaya mezani. Mwandikie mstari mmoja, utaje huyo mnyama, nitie nami sahihi yangu kama mtaalamu kwamba huna kitu. Nakuomba kama mkubwa wako.

Usishangae anwani. Wodi ina upungufu wa watu, nimeona nilale karibu.

Shangazi yako


Jumba la Samaki
30 Mei

Shangazi,

Shikamoo, wewe na wenzako wa chai. Mwambie muuguzi kishina hakisikii uchungu, hakina pa kuusikilizia. Kama alikuwa upande huo, kashinda dau.

Umesema upungufu wa watu. Mwaka juzi mlikuwa wachache kuliko sasa na ulikuwa ukirudi nyumbani hata kwa miguu. Umenieleza vitanda vyote vya wodi isipokuwa kile unacholalia wewe. Sikulazimishi useme, lakini usidhani sijaona.

Kwangu kumetokea balaa. Nilikuwa na homa, nikalala siku mbili. Kumbe ameajiriwa mtu mpya wa usafi, mchapakazi kupita kiasi, akaona vigae vyangu, akasema masikini, dada huyu anaumwa na matangi yake yameota ukungu. Akachukua wembe akakwangua vyote, akavisuuza, akavipanga vinang'aa. Nilipoingia alikuwa anangoja nimsifu. Nilishindwa hata kumfokea, nikaenda kulilia chooni.

Mkuu wa kituo akaja akatazama. Akasema ndiyo hivyo, tupa vigae, tangi tutalitia samaki wa rangi, watoto wa shule wanawapenda. Nikamwambia vigae hivi havitupwi. Akasema ni amri. Nikamwambia basi niandikiwe barua ya kuachishwa kazi, vigae na mimi tutoke pamoja, maana havitoki mikononi mwangu. Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo, Shangazi.

Sababu ninayo. Kishina kikiona maisha yamekuwa magumu huacha chini ya unyayo wake kidonge kidogo cha kahawia, kimefunikwa kwa ganda gumu kama kifuniko. Ndani yake kuna uhai umejikunja unangoja. Wembe unapita juu yake hauking'oi. Nilivitazama kwa kioo cha kukuzia nikaviona, vimetapakaa kigae kizima. Nikavirudisha majini, nikabadilisha maji kila asubuhi mbele ya macho ya watu walioniona nimechanganyikiwa. Wiki iliyopita vifuniko vilianza kufunguka. Vimetoka vishina vipya, na vina njaa. Vikinenepa nitavipozea maji, kuna jambo nangoja. Mkuu ametazama mwenyewe kwenye kioo, akasema "haya", akaondoka. Samaki wa rangi hawajatajwa tena.

Kwa Baba sitaandika. Umeniomba kama mkubwa wangu, nami nakukatalia kama mtoto uliyemfundisha mwenyewe kukataa. Sijamtupa. Yeye ndiye aliyeandika nisije.

Binti yako


Wodi ya Wazazi
27 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nilikawia kukujibu kwa makusudi, nilikuwa na hasira na nilitaka ipoe. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo.

Umetaka kujua kitanda changu. Niko chumba cha wakunga tangu Machi. Siku ile ya barua yako ya kwanza, baba yako aliikunja miwani akasema jina lako lisitajwe tena mezani kwake. Nikanyamaza, nikidhani ni moto wa karatasi. Siku chache baadaye, nikiwa nimeshakuandikia, nikakutaja kwa bahati mbaya, nikiomba chumvi, nikisema wewe ndiye uliyezoea kuimaliza. Akasukuma sahani. Nikamwambia nyumba ambayo mtoto hatajwi mimi chakula chake hakinipiti kooni. Nikabeba godoro langu. Fundi viatu alinisaidia kulibeba na hakuuliza neno, Mungu ambariki na mashine yake.

Barua yako ya wanyama ilinifikia nikiwa huku, haijafunguliwa. Nikaenda kwake, nikitaka kuvunja ahadi niliyokupa, nimwambie ukweli. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Kabla sijasema akasema yeye, "Kama ni uongo, angekwisha kuandika kujisafisha." Kujisafisha. Hapo ndipo nilipokuelewa, mwanangu. Katika kazi hii wasichana huletwa wodini na majirani kwa sababu baba zao wanangoja wajisafishe kwanza. Nikafunga mdomo, nikaondoka. Na bado, mwezi uleule, nilikuandikia umtumie mstari mmoja kwa sababu nimezeeka na nilitaka kulala kwenye chumba changu. Sasa nayafuta yale. Usimwandikie. Akae nayo.

Wiki iliyopita alikuja kwenye geti la wodi. Akazungukazunguka kama mume wa mtu. Akaniuliza, akitazama ukuta, mimba huhesabiwa kuanzia wapi. Nikamwambia hesabu mwenyewe, wewe ndiye mpima. Akaenda zake. Sijui ana nini kichwani, na sitaki kukutia moyo bure.

Maji yako yamepoa? Uliwahi kusema kuna jambo unangoja.

Shangazi yako


Jumba la Samaki
6 Oktoba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza pole kwa godoro, na kwa miezi yote uliyonificha. Msalimie fundi viatu, nina deni lake la heshima.

Maji yamepoa. Kishina kikiwa katika joto lilelile siku zote hubaki kishina. Kinachokiamsha ni baridi. Nililifungia tangi mashine ya kupoza, nikawa nashusha joto kidogo kidogo, nikivaa sweta mimi mwenyewe kwa huruma. Wiki nyingi hakuna kitu. Kisha kimoja kikarefuka, mwili wake ukaanza kujikata mikunjo mikunjo, mpaka kikawa kama rundo la visahani vilivyopangwa. Kisahani cha juu kikaanza kupigapiga, kinajivuta, kinatulia, kinajivuta tena, mpaka kikajinyofoa na kwenda zake. Ni kinyota chenye mikono minane, kidogo kuliko kifungo cha shati, kinapiga kwa nguvu utadhani kinadai kitu. Kikafuata cha pili, cha tatu, na kigae chote kikaambukizwa. Nimewahamishia kwenye tangi la duara, maana wakikwama kwenye pembe wanachanika, na kiputo kimoja cha hewa kikiingia chini ya mwavuli kinawatoboa. Na kishina chenyewe, rundo likiisha, kinaota mikono upya na kuendelea kula mahali palepale.

Nilikuwa juu ya ngazi nawalisha, juzi, mlinzi akaniita kwamba kuna mzee anauliza. Alikuwa Baba. Amevaa koti la kazini, buti zina udongo wa shamba la mtu, na mkoba wa nguo begani. Amekonda. Nilishuka nikampa shikamoo, akaitikia. Akatazama tumbo langu, akatazama chumba kizima.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, Baba?"

"Mtoto. Nimehesabu."

Akafungua mkoba akatoa mbeleko. Mpya, ya bluu, imekunjwa na kufungwa kwa kamba yake ya kupimia. Hasira ilikuwa mbele ya machozi. Nikamwambia hakuna mtoto. Hakuwahi kuwepo. Nikampeleka kwenye tangi la duara nikamwonyesha vinyota, nikamwambia konyeza ni hawa, hili ndilo neno ulilonifungia nyumba.

Alitazama muda mrefu. Miwani yake ilikuwa inagusa kioo. Kisha akacheka, Shangazi, kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo, akasema, "Basi kumbe hakuna tatizo. Chukua likizo, twende nyumbani."

Nikamwambia siendi. Nilimwambia yote, mlinzi akasogea mbali kwa adabu. Kwamba kama hakuna tatizo leo, basi tatizo lilikuwa ni mimi kuwa na mtoto, na siku nikimpata kweli litarudi. Kwamba sina sifa yoyote kwa kuwa tumbo ni tupu na nisingekuwa na aibu yoyote kama lingejaa. Kwamba wewe umelala wodini tangu Machi kwa sababu ulitaja jina langu ukiomba chumvi, na yeye alijua, na akala peke yake.

Akakaa juu ya ndoo ya chakula cha samaki. Nikaendelea na kazi. Ndipo akasema, polepole, bila kunitazama, "Mimi nilipopanda basi sikujua hayo ya wanyama. Nilipanda nikijua yupo."

Nimekaa miezi nimejiandalia maneno ya kila namna, na hilo sikuwa nimelipangia neno. Ni kweli. Alinunua mbeleko akijua yupo, alikuja akijua yupo. Alikawia, alifanya ubaya, lakini hakungoja nijisafishe.

Sikumkumbatia, usije ukadhani. Nilimwambia likizo yangu haijafika, na kwamba nyumbani sikanyagi mpaka wewe uwe umerudi chumbani kwako, akuombe radhi mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wenzako wa chai. Akasema sawa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nadhani atakufikia kabla ya barua hii, na akija, usifungashe haraka. Mwache aseme mpaka amalize.

Alipokuwa anaondoka aliinyanyua mbeleko, akasema ataitafutia mtu mwenye mtoto. Nikamnyang'anya. Nimemwambia hiyo ni yangu, aliinunua kwa ajili yangu akiamini mabaya yote aliyoyaamini, na haitoki humu ndani.

Binti yako